Harrier ya haibridi imekosa nguvu mlimani: je, betri imekufa kweli?

"Fundi, salamu. Niko Mbale, kazi yangu ni kununua kahawa kwa wakulima wa Kapchorwa na Kween. Mwaka jana nilinunua Toyota Harrier ya haibridi, ile ya petroli na umeme kwa pamoja, ya mwaka 2014 kutoka bondi moja ya Kampala, na kwa miezi mingi ilinipunguzia gharama ya petroli. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napanda kuelekea Sipi, jua kali, nyuma nimepakia mabunda ya magunia matupu. Nikasikia feni inavuma sana chini ya kiti cha nyuma, gari likapoteza nguvu, kisha dashibodi ikaleta onyo kwamba mfumo wa haibridi ukaguliwe. Nilizima, nikakaa kama nusu saa, likawaka na kunifikisha. Fundi wangu anasema betri kubwa imekufa. Anataka milioni 5 aweke nyingine, au aondoe kabisa mambo ya haibridi gari libaki la petroli tu. Amenishauri pia niteremke na fri ili betri isichoke, na mvua ikijaza barabara nisiliguse gari maana umeme utatuua. Mke wangu sasa hataki watoto wapande. Nimwamini? Na gari kama hili linatunzwaje kwa barabara zetu?"

Ndugu yangu, usitoe hiyo milioni 5 bado. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lako: jua kali, mlima, magunia, feni kuvuma, gari kuishiwa nguvu, halafu kupona baada ya kupoa. Mambo hayo sita yakikutana, kitu cha kwanza ninachokishuku ni betri kukosa hewa, kabla sijafikiria kwamba imekufa. Siwezi kuapa nikiwa mbali, kwa sababu betri iliyoanza kuchoka nayo huonyesha udhaifu wake mlimani na kwenye joto. Lakini njia ya kutofautisha hayo mawili ipo, na haigharimu hata sehemu ndogo ya pesa aliyokutajia fundi wako.

Tuanze na mahali ilipo betri yenyewe. Kwenye Harrier yako betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, pale pale wanapokaa watoto. Ni betri ya nikeli, ina moduli 34, yaani vipande vya betri, zilizounganishwa kwa mstari, kila moja ya volti 7.2, jumla volti 244.8. Haichajiwi kwa waya wa ukutani. Inachajiwa na injini, na inachajiwa na magurudumu kila unapopunguza mwendo. Kila umeme unapoingia au kutoka, betri inapata joto. Njia ya Sipi ina kona nyingi na miinuko: unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena, na betri inatoa na kupokea umeme bila kupumzika. Joto hilo lazima liondolewe, na kazi hiyo ni ya feni uliyoisikia.

Hapa ndipo wenye magari haya wengi hawajaelezwa. Feni hiyo haivuti hewa ya nje. Inavuta hewa ya ndani ya gari, ile ile mnayopumua nyinyi, kupitia matundu yenye wavu yaliyo chini ya kiti cha nyuma. Sasa nifuate: mabunda ya magunia matupu uliyaweka wapi? Kama yalikuwa sakafuni nyuma ya viti vya mbele, au yalirundikwa juu ya kiti mpaka yakaning'inia, basi uliziba pua ya betri kwa mkono wako. Tena magunia ya katani na juti hutoa nyuzinyuzi, na kahawa ya maganda huacha wishwa mwepesi unaoruka kila ukifungua mlango. Changanya hivyo na vumbi jekundu la njia za ndani za Kween, upate kitu kinachoganda kwenye wavu na kwenye mapezi ya feni mpaka kinafanana na kipande cha blanketi. Nimeyatoa matambara ya namna hiyo kwenye magari ya wafanyabiashara wa nafaka, ya wafugaji wa kuku, na ya mama mmoja mshonaji aliyekuwa akibeba vitambaa vyake nyuma.

Betri ikizidi joto, kompyuta ya gari hufanya jambo la busara: inabana umeme unaoingia na kutoka ili isiiunguze. Injini inabaki kuvuta peke yake gari zito, na wewe unahisi nguvu zimekwisha. Joto likiendelea kupanda, onyo linakuja. Ukizima na kusubiri, joto linashuka na gari linakuruhusu kuendelea. Nusu saa yako chini ya kivuli ilikuwa tiba, ingawa hukujua ulichokitibu.

Kwa hiyo leo jioni, gari likiwa limezimwa kabisa na ufunguo uko mbali, toa kila kitu nyuma. Piga magoti, washa tochi ya simu, tafuta hayo matundu chini ya kiti. Fyonza vumbi kwa mashine ya kufyonza, au tumia brashi laini ya rangi na kitambaa kikavu. Usipulize kwa kompresa kuelekea ndani, maana utausukuma uchafu mpaka kwenye moduli zenyewe, na huko hutaufikia tena bila kufungua betri. Usimwage maji wala sabuni. Ukiona wavu umeziba, basi feni nyuma yake nayo ni chafu, na hiyo mpelekee fundi anayejua haibridi aitoe na kuisafisha. Si kazi ngumu, ila iko jirani na nyaya za rangi ya machungwa, nami sitaki mikono yako ifike huko.

Baada ya hapo badilisha tabia mbili. Kwanza, magunia, matupu au yenye kahawa, yasikae tena sakafuni nyuma wala juu ya kiti hicho. Yaweke kwenye buti. Pili, kwenye barabara ya vumbi funga madirisha na uwashe kiyoyozi. Najua wengi mnafungua madirisha mkidhani mnaokoa petroli. Kwenye gari hili hewa ya ndani ndiyo hewa ya betri, hivyo vumbi linaloingia dirishani linaishia kwenye feni, na joto linaloingia linaishia kwenye moduli. Petroli kidogo ya kiyoyozi ni bei rahisi kuliko betri.

Kabla sijaacha habari ya magunia, kuna uzito. Harrier ina sura ya gari la kazi lakini haikutengenezwa kwa kazi ya lori. Kwa hesabu ya Kijapani kila abiria ni kilo 55, na gari la viti 5 limeandikishwa kubeba kilo 275, dereva akiwemo. Gunia moja la kahawa la kilo 60, ukiweka matano pamoja na wewe kwenye usukani, umeshapita. Springi zinakaa, taa za mbele zinaangalia mawinguni na kuwapofusha wanaokuja, breki zinachukua umbali mrefu zaidi kulisimamisha gari. Mzigo mkubwa upakie kwenye pikapu ya kukodi, na Harrier ikupeleke wewe kwa wakulima.

Sasa turudi kwa milioni 5. Kabla mtu yeyote hajakuambia betri imekufa, mwambie akuonyeshe namba kwenye skana. Iwe skana inayosoma mfumo wa haibridi, si ile ndogo ya kusoma injini tu. Kama kosa lililohifadhiwa ni P0A82, gari linalalamikia upoozaji wa betri, yaani feni na njia yake ya hewa. Kama ni P0A80, gari linasema betri yenyewe imedhoofika. Hata P0A80 nisingeikubali kwa kuisoma tu gari likiwa limesimama. Kwenye gari lako kompyuta huzipima moduli mbilimbili, kwa hiyo skana itakuonyesha volti za mafungu 17. Fundi akae na skana, wewe uendeshe, mpande kilima. Mafungu yote yakishuka na kupanda pamoja, betri ina uhai. Fungu moja likizama chini ya wenzake kwa kama volti 1 au zaidi kila unapokanyaga, hapo pana moduli mbovu kweli. Fanyeni jaribio hilo baada ya kusafisha feni, si kabla. Fundi ambaye hataki kufanya jaribio hilo lakini anataka kuuza betri, mshukuru na uondoke.

Ikithibitika kwamba betri imechoka, una njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na kasoro. Kubadilisha moduli mbovu peke yake ndiyo njia rahisi kwa bei, lakini zilizobaki zina umri ule ule, na kwa kawaida baada ya miezi michache nyingine inafuata, kisha nyingine. Naikubali kwa mtu anayetaka kuuza gari, au aliyekwama hana pesa. Kununua betri iliyotumika, kama zile zinazopatikana Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ni bahati nasibu: baadhi zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa zikiwa nzima, na baadhi zimekusanywa kutoka betri tatu nne zilizokufa zikafungwa kwenye kasha moja safi. Macho hayawezi kuzitofautisha, skana inaweza, kwa hiyo usilipe mpaka ifungwe na kupimwa mlimani. Betri mpya ndiyo ghali, na kwa mtu anayepanga kukaa na gari miaka mingi na kupanda milima kila wiki, ndiyo ninayoipendekeza. Muulize fundi wako hiyo milioni 5 ni ya ipi kati ya hizo, na dhamana yake ni ya miezi mingapi kwa maandishi. Nadhani jibu lake litakufundisha mengi.

Lile la kuondoa haibridi libaki petroli tu, mwambie haliwezekani. Na sisemi ni hatari au ni ghali, nasema haliwezekani. Gari lako halina stata ya kawaida wala alteneta. Ndani ya giaboksi mna mota mbili za umeme zilizounganishwa na injini kwa gia za sayari, zile ambazo gia ndogo huzunguka gia ya katikati. Mota ya kwanza ndiyo inayowasha injini, ndiyo inayozalisha umeme, na ndiyo inayoamua injini izunguke kasi gani. Ya pili inasukuma magurudumu na kukusanya umeme unapofunga breki. Kama gari lako ni la magurudumu manne, nyuma kuna mota ya tatu inayojitegemea, na hakuna shafti ndefu kutoka mbele. Ukitoa betri kubwa, hakuna wa kuiwasha injini, na hata ingewaka, nguvu yake isingefika chini. Wanaosema wamewahi "kuitoa haibridi" kwenye Toyota kama yako ama wamebadilisha injini na giaboksi nzima, ama wanazungumzia gari jingine. Teknolojia hii si uchawi wa Wajapani pekee: vijana wetu wa Kiira Motors walionyesha gari lao la haibridi, Kiira EV Smack, mwaka 2014, mwaka ule ule lililotengenezwa gari lako.

Kuhusu kuteremka na fri, huo ndio ushauri uliokuwa unaweza kukugharimu maisha. Ukiweka N kwenye gari hili, mota zinaacha kukusanya umeme, injini inaacha kusaidia kuzuia, na uzito wote wa gari pamoja na kahawa unaangukia pedi za breki. Kutoka Sipi kushuka hadi Muyembe ni mteremko mrefu wa kona. Pedi zikichemka hapo, unakanyaga na gari halisimami. Tena N haiipumzishi betri hata kidogo. Gari likiwa kwenye N halichaji, na ukiwa kwenye foleni ndefu na kiyoyozi kinafanya kazi, betri inaendelea kupungua tu.

Tumia D kwa safari ya kawaida, na mteremko mrefu ukianza weka B (au S, kama ndiyo iliyoandikwa kwenye gia yako). Hapa kuna kosa la upande wa pili, la wale wanaoendesha na B mjini kutwa nzima wakidhani linachaji zaidi. Sivyo. Ukiwa kwenye D na kukanyaga breki taratibu, umeme mwingi unarudi kwenye betri. Lakini gari huiweka betri kati ya kama asilimia 40 na 80, haliruhusu ijae pomoni, na kwenye mteremko wa kilomita nyingi itafika kikomo mapema. Ikifika, hakuna pa kupeleka umeme, na zinabaki pedi peke yake. B inaifanya injini izungushwe bila petroli ili ile nguvu ya mteremko iishie humo. Ndiyo maana utaisikia inanguruma ilhali hukukanyaga mafuta. Usishtuke, iache ingurume. Ingia kona polepole, kanyaga breki kidogo kidogo, kisha achia, usiuweke mguu hapo moja kwa moja.

Sasa maji. Watu wa Mbale mnayajua maji kuliko mimi, mafuriko ya mwisho wa Julai 2022 hayajasahaulika. Fundi wako ana nusu ya ukweli. Umeme wa gari hili ni mwingi kweli: ule wa betri ni volti 244.8, na kati ya inverta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uendeshe mota, na mota zenyewe unaweza kupandishwa mpaka 650. Huo si umeme wa kuchezea. Lakini hauungani na bodi ya gari popote. Waya wake wa chanya na wa hasi zote mbili zimetengwa na chuma, tofauti na betri ndogo ya volti 12 ambayo upande wake wa hasi umefungwa kwenye bodi. Kompyuta inaupima utengano huo muda wote, na ikigundua uvujaji hata mdogo inaleta onyo. Gari likizimwa, swichi kubwa ndani ya kasha la betri hukata umeme usitoke humo, na hukata zenyewe pia mifuko ya hewa ikifyatuka kwenye ajali. Kunyeshewa mvua, kupita kwenye dimbwi, kuoshwa, hayo yote gari limetengenezwa kuyavumilia.

Hata hivyo usiingie kwenye maji yanayotembea, wala yanayopita nusu ya gurudumu. Sababu yangu kubwa ni ile ile ya gari lolote la petroli: injini ikivuta maji inavunjika vyuma vya ndani. Haibridi inaongeza mtego mmoja, kwamba unaweza kuingia kwenye maji injini ikiwa imezimika, ukajiona salama, halafu ikajiwasha yenyewe katikati. Na maji ya mafuriko yana tope. Yakifika sakafuni mpaka chini ya kiti, usiwashe gari, hata kama linaonekana zima, hata baada ya kukauka. Liite brekidauni, likaguliwe kwanza. Kwenye kuoshwa, wakataze vijana wa mashine ya presha kufungua boneti na kupiga maji kwenye nyaya za rangi ya machungwa na kasha la inverta. Nje waoshe watakavyo.

Mke wako ana haki ya kuuliza, kwa hiyo mwonyeshe jibu hili. Watoto kukaa juu ya kiti hicho hakuna ubaya. Betri imo ndani ya kasha la chuma, na aina ya nikeli ni mpole kuliko nyingine nyingi. Hatari ninayotaka aijue ni nyingine kabisa, nayo ni ukimya. Gari likiwa tayari kuondoka, neno READY linawaka kwenye dashibodi, na injini inaweza kuwa kimya kabisa. Mtu anadhani limezimwa, anashuka kununua maji, mtoto anabaki ndani, anavuta gia, na gari linaondoka. Au linaachwa READY ndani ya gereji iliyofungwa, usiku betri inapungua, injini inajiwasha, na moshi unaingia ndani ya nyumba. Weka P, vuta breki ya mkono, zima, hakikisha READY imetoweka, ndipo ushuke. Na unapotoka uani au unaposogea sokoni, kumbuka watu na bodaboda wamezoea kusikia injini. Gari lako linawafikia kwa mgongo bila sauti. Piga honi fupi, na simama kwanza kabla ya kurudi nyuma.

Matengenezo mengine ni machache na hayatishi. Oili ya injini, kwa vumbi lako, badilisha kila kilomita 5,000, nyepesi ya 0W-20 ikipatikana halisi. Filta ya hewa ya injini ikague kila mara ukimwaga oili. Kulanti, yaani kimiminika cha kupoozea, iko kwenye vyombo viwili chini ya boneti, kimoja cha injini na kingine cha inverta, na hiki cha pili ndicho mafundi wengi hawakigusi. Ni ya rangi ya pinki. Usiongezee maji ya bomba. Ukiona kiwango kinapungua, kuna kinachovuja, na ukipata kosa P0A93 usiendelee na safari, inverta inachemka. Pedi za breki kwenye haibridi hudumu sana kwa kuwa mota zinafanya kazi nyingi, na hapo ndipo ubaya unapojificha: pini za kalipa, vile vishikio vya pedi, zinakaa bila kusogea, zinaingia tope na kutu, zinakwama. Zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi hata kama pedi bado ni nene. Fundi atenganishe betri ndogo kabla ya kugusa breki, kwa sababu mfumo huu unaweza kujipandishia presha wenyewe na kumbana vidole.

Betri ndogo hiyo ndiyo inayowadanganya watu kuliko kitu chochote. Iko nyuma kwenye buti, ni ya volti 12, na haizungushi injini, lakini ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikichoka, dashibodi inaleta maonyo kama taa za sherehe, gari halifiki READY, na mtu anaambiwa betri kubwa imekufa. Pima hii kwanza, daima. Ikibidi kubadilisha, weka ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje. Usikubali betri ya kawaida ya maji ya asidi, kwa sababu imo ndani ya gari pamoja na nyinyi na mtaivuta gesi yake. Ukiomba kushtuliwa na gari jingine, tumia ncha zilizo chini ya boneti, chanya kwa chanya, na ukikosea hapo unaweza kuunguza vitu vya bei kubwa. Wewe usishtue lori la mtu kwa gari hili, hata akikubembeleza.

Petroli nayo isiishe. Kuna madereva wanaotembea na taa ya akiba wiki nzima. Kwenye haibridi, petroli ikiisha gari litasogea kidogo kwa umeme, na dereva anaona ameokoka, anaendelea mpaka betri kubwa inakauka. Basi hapo hata ukileta jerikani hakuna nguvu ya kuiwasha injini, na kuichaji betri hiyo kunahitaji mashine maalumu. Robo tanki iwe ndiyo mwisho wako unapopanda mlimani.

Gari likikufia njiani, libebwe juu ya brekidauni, magurudumu yote yakiwa hewani. Usilivute kwa kamba na usikubali linyanyuliwe mbele tu kama lina mota ya nyuma, maana magurudumu yakizunguka mota zinazalisha umeme na joto bila mwangalizi. Mtafute mtaalamu ana kwa ana, bila kusubiri, kwa mambo haya: onyo la haibridi likirudi baada ya kusafisha feni, harufu ya kuungua au ya ukali kutoka nyuma, maji kufika kwenye kiti, waya wa rangi ya machungwa uliochubuka au kukatwa na jiwe chini ya gari, na ajali yoyote hata kama gari linatembea.

Na huyo mtaalamu umjue kwa vitendo. Kabla ya kufungua kasha la betri anazima, anatenganisha betri ndogo, anavaa glavu za mpira zilizoandikwa volti 1,000, anachomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa na kuiweka mfukoni mwake, kisha anasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inverta uishe, na anapima kwa mita kabla ya kugusa. Ukimwona ameshika spana mikono mitupu na anacheka ukimwuliza glavu ziko wapi, funga boneti. Hapo Mbale waulize madereva wa magari ya mashirika wanapopeleka haibridi zao, wao huwa wanajua. Usipompata, safari moja ya Kampala kwa karakana yenye skana sahihi itakugharimu mafuta na siku moja. Nenda ukiwa umeshasafisha yale matundu, na waombe wakuandikie volti za mafungu yote 17 kwenye karatasi, wakati wa kupanda na wakati wa kusimama.